Uliza Mpima: Barafu inatembea, nani aliyeiona?

Swali

Mzee Mpima, shikamoo. Mwanangu Zuberi amepata nafasi ya shahada ya pili huko Tromsø, Norwe. Kila tukimpigia simu tunamuuliza, unasomea nini hasa? Anasema anapima mwendo wa barafu ya baharini kwa setilaiti. Baba yake anaguna tu. Jirani yangu kaniuliza kwa kejeli, "Barafu inakwenda wapi?" Nami sikuwa na jibu. Tena mtoto mwenyewe hajapanda meli hata siku moja, anashinda ofisini na kompyuta. Mtu anapimaje mwendo wa kitu asichokigusa? Nipe la kusema barazani.
Mama Zuberi, Chumbageni, Tanga

Jibu

Marahaba, Mama Zuberi, na hongera kwa mtoto. Hakudanganyi. Kazi hiyo ipo, na ina wenyewe waliozeekea humo.

Kwanza umalizane na jirani. Barafu anayoisema Zuberi si ile ya Kilimanjaro. Ni maji ya bahari yenyewe yaliyoganda juu, unene wa mita moja au mbili kwa kawaida, na chini yake bahari inaendelea na shughuli zake. Haikushikwa na chochote, ila kidogo ile iliyogandamana na ufuko. Upepo ukivuma, inakwenda. Siku tulivu hupiga kilomita chache, siku ya dhoruba hupita 20.

Inakwenda wapi? Katika Bahari ya Aktiki kuna njia kuu mbili. Kaskazini ya Alaska na Kanada barafu huzunguka kufuata mshale wa saa, na pande moja la barafu linaweza kukaa humo miaka. Njia ya pili huanzia upande wa Siberia, hupita jirani na Ncha ya Kaskazini, kisha huteremka na kutoka kwenye mlango wa bahari wa Fram, kati ya Greenland na visiwa vya Svalbard. Kwa mwaka, kama sehemu moja ya kumi ya eneo la barafu ya Aktiki hutokea hapo kwenda kuyeyuka Atlantiki. Mlango huo ndio unaochunguzwa kuliko sehemu nyingine yoyote, na nadhani hata Zuberi hawezi kuukwepa.

Watu walilijua hili kabla ya setilaiti. Juni 1881 meli ya Kimarekani iitwayo Jeannette ilibanwa na barafu ikavunjika kaskazini ya Siberia. Miaka mitatu baadaye vitu vya meli hiyo vikaonekana juu ya barafu kusini-magharibi mwa Greenland, upande wa pili kabisa. Mnorwe Fridtjof Nansen akajenga hoja kwamba kama mabaki yamefika, na meli nzima inaweza kufika. Akaunda Fram, meli yenye ubavu wa mviringo ili ikibanwa inyanyuke badala ya kupasuka, akaiacha igande barafuni Septemba 1893. Ilichomoka karibu na Svalbard Agosti 1896. Humo njiani Nansen akagundua jambo ambalo mpaka leo linatumika: barafu huenda kwa kama asilimia 2 ya kasi ya upepo, na haiendi sawasawa na upepo. Hupinda kuelekea kulia, nyuzi 20 hadi 40. Msweden Vagn Walfrid Ekman akaja kuonyesha kwa hesabu kwamba kinachoipinda ni mzunguko wa dunia. Kusini mwa dunia hupinda kushoto. Hapo kwenu Tanga, karibu na Ikweta, nguvu hiyo ni ndogo mno.

Sasa kupima. Naomba hili ulishike, kwa sababu hata magazeti hulikosea: setilaiti hizi hazioni mwendo. Zinapiga picha, na picha imesimama. Mwendo unapatikana pale mtu, au programu, anapochukua picha mbili za mahali pamoja zilizopigwa kwa nyakati tofauti na kuuliza: kitu kilichokuwa hapa jana, leo kiko wapi?

Mimi nimekula mkate wangu kwenye upimaji wa ardhi, na kazi ya namna hiyo tuliifanya kwa picha za ndege. Unaweka picha ya zamani ya ukingo wa mto Pangani na picha mpya, unaona mto umekula shamba la nani. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na bikoni. Jiwe limezikwa, lina namba, halihami (labda mwenye shamba jirani alihamishe usiku, lakini hiyo ni kesi nyingine). Barafuni hakuna bikoni. Kila kilichomo kwenye picha kinatembea, kwa hiyo njia pekee ya kujua picha imekaa wapi duniani ni kujua setilaiti yenyewe ilikuwa wapi ilipoipiga. Hilo likikosewa kwa mita mia, barafu yote itaonekana imeruka mita mia na haikuruka.

Kamera ya kawaida haifai sana. Huko Tromsø kwenyewe jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari, na kaskazini zaidi giza hudumu miezi. Kiangazi mwanga unarudi, lakini mawingu hujaa. Kwa hiyo wanatumia rada. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-1, ya kwanza ikirushwa Aprili 2014, zinapita kilomita 693 juu zikituma mawimbi yenye urefu wa sentimita tano na nusu hivi, na kupokea kinachorudi. Mawimbi hayo hayajali wingu wala usiku. Juu ya bahari ya barafu hupiga ukanda wenye upana wa kilomita 400 kwa mpito mmoja, na kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, ni mita 40.

Ukiitazama picha hiyo ni ya kijivu, lakini ina mengi. Barafu kongwe, iliyopona kiangazi kimoja au zaidi, imeshachuja chumvi yake na kubaki na vijipovu vya hewa ndani. Inarudisha mawimbi mengi na kuonekana nyeupe. Barafu changa bado ina chumvi, ni laini juu, inaonekana nyeusi. Mapande yakigongana hutokea matuta, na matuta hung'aa kama mistari. Yakiachana hutokea mipasuko. Mistari, mabaka na mipasuko hiyo ndiyo alama zetu.

Hapa ndipo utakapomshinda jirani. Chukua kanga mbili za doti moja, ambazo hamjazikata. Tandika moja. Ile nyingine ikunje mpaka kibaki kipande cha kiganja cha mkono, chenye ua moja na nusu ya jani, kisha kitelezeshe juu ya mji wa kanga iliyotandikwa mpaka ua likae juu ya ua na jani juu ya jani. Programu hufanya hivyohivyo. Inakata kipande kidogo cha picha ya jana, inakitelezesha juu ya picha ya leo, na kila kituo inahesabu namba ya ulinganifu. Namba ikiwa 1, vimelingana kabisa. Ikiwa 0, havijuani. Pale namba inapopanda juu kuliko pengine pote, inasema: kipande kimehamia hapa. Inachora mshale. Kisha inakata kipande cha pili, cha tatu, maelfu.

Tuseme kipande kimekutwa pikseli 212 mashariki na pikseli 95 kusini ya kilipokuwa. Pikseli ni mita 40, basi ni mita 8,480 mashariki na mita 3,800 kusini. Kwa kanuni ya Pythagoras aliyotufundisha mwalimu wa hesabu, umbali wa moja kwa moja ni kama kilomita 9.3. Picha zikiwa zimeachana saa 24, kasi ni mita 387 kwa saa. Kazi ya Zuberi, kwa sehemu kubwa, ni kuhakikisha hizo 212 na 95 si za kubahatisha.

Maana kubahatisha kupo. Kipande cha barafu tupu isiyo na alama hulingana na kila mahali, na programu haitaona haya kukupa mshale. Barafu ikivunjikavunjika kati ya picha ya kwanza na ya pili, ule mchoro wa jana haupo tena duniani. Ndiyo maana ulinganifu mdogo hutupwa, na mshale unaoelekea magharibi katikati ya jirani zake wote wanaoelekea kusini hutiliwa shaka.

Kuna chombo kingine ambacho lazima Zuberi atakitaja. Hakitumi mawimbi, kinapokea tu mawimbi hafifu ya maikrowevu ambayo barafu na maji hutoa vyenyewe. Kumbukumbu za mfululizo za aina hiyo zilianza na setilaiti ya Nimbus-7 Oktoba 1978, na leo inayotegemewa sana ni AMSR2 ya Japani, iliyorushwa Mei 2012. Uzuri wake ni kuiona karibu Aktiki nzima kila siku. Ubaya wake ni kwamba picha zinazotumika kwa kazi hii huwa na pikseli za kilomita kadhaa, mara nyingi 12.5 kwa vyombo vilivyotangulia. Barafu iliyokwenda kilomita 10 haijatoka hata kwenye pikseli yake. Unapimaje? Unaziachanisha picha kwa saa 48, na unatafuta kilele cha ulinganifu katikati ya pikseli badala ya kuruka kutoka pikseli hadi pikseli. Thomas Lavergne na wenzake wa Taasisi ya Hali ya Hewa ya Norwe walichapisha mwaka 2010 njia ya kufanya hivyo kwa ufasaha, na ramani zinazotokana nayo huweka mshale mmoja kila baada ya kilomita 62.5. Ni mshale mpana, lakini umeifunika bahari yote.

Kiangazi ndicho kinachowatesa. Theluji juu ya barafu ikilowa na madimbwi yakitanda, chombo kinaona maji ya juu na alama za chini zinafutika. Mishale mingi ya Juni mpaka Agosti haitoki kwenye picha pekee. Inasaidiwa na hesabu ya upepo, ile ya Nansen iliyonolewa. Sioni ubaya, ila ramani isitundikwe ukutani kana kwamba mishale yote ni ya ukoo mmoja.

Akipiga simu tena muulize hivi: "Picha zako zimeachana saa ngapi, na kiangazi unafanyaje?" Halafu usikilize atakavyonyamaza kwanza.

Swali

Mzee wangu, habari za siku. Mbona wanajisumbua na picha? Si wangeacha GPS juu ya barafu ijisemee yenyewe?
Fundi simu, Mwembe Tayari, Mombasa

Jibu

Nzuri, kijana. Wameshaziacha, na si leo. Tangu 1979 kuna mpango wa kuweka maboya juu ya barafu ya Aktiki, unaosimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kwa ushirikiano wa nchi mbalimbali. Ya zamani hayakuwa na GPS. Yalituma mlio wa redio, setilaiti ikausikia, na mahali pa boya pakahesabiwa kwa jinsi mlio unavyobadilika setilaiti inapokaribia na inapoondoka. Siku hizi boya hutuma mahali lilipo kila saa.

Kwa usahihi, boya halina mpinzani. Tatizo ni idadi. Kila moja linapaswa kupelekwa na meli, ndege au helikopta, halafu mengine yanasagwa kwenye matuta, mengine barafu inayeyuka chini yake. Na yote yanafuata mkondo: ukiyaweka mengi upande wa Siberia, baada ya muda yameshatokea mlango wa Fram na nyuma umebaki mtupu. Picha inajaza pengo, boya linaisahihisha picha.

Boya pia linafichua kitu ambacho mshale hauwezi kukionyesha. Ukiunganisha nukta zake za kila saa, kiangazi hasa, utaona barafu inachora vitanzi, kimoja kwa kama saa 12, kwa sababu ya mzunguko wa dunia huko nchani. Picha za saa 24 zinaviruka vyote na kuchora mstari ulionyooka. Barafu imetembea zaidi ya unavyoambiwa.

Ni maboya hayohayo yaliyowapa mtafiti Pierre Rampal na wenzake hesabu yao ya mwaka 2009: kati ya 1979 na 2007 kasi ya barafu ya Aktiki iliongezeka asilimia 17 kwa kila miaka kumi wakati wa baridi, na 8.5 wakati wa kiangazi. Ungedhani upepo umezidi. Waliangalia, upepo haukutosha kueleza. Kilichobadilika ni barafu yenyewe. Imekuwa nyembamba, imepasuka zaidi, na inasukumika kwa wepesi. Meli ndogo ya Kifaransa, Tara, iliiga safari ya Fram. Iliganda Septemba 2006 ikatoka Januari 2008. Nansen alitumia karibu miaka mitatu.

Swali

Assalaam aleikum. Mimi baharia mstaafu. Nimesikia ile meli Endurance iliyozama kusini mwaka 1915 imeonekana, tena karibu na pale nahodha wake alipoandika. Barafu ilikuwa ikiwachukua huku na huku. Alijuaje?
Msomaji wa Maskati, Oman

Jibu

Waaleikum salaam, nahodha. Swali lako nimelipenda kuliko yote ya mwezi huu.

Endurance ya Ernest Shackleton ilinasa kwenye barafu ya Bahari ya Weddell, huko Antaktika, Januari 1915, ikachukuliwa nayo miezi, ikasagwa, ikazama tarehe 21 Novemba. Nahodha wake, Frank Worsley, alikuwa akipima jua kwa sekstanti na saa zake za baharini, kama mlivyofanya ninyi kabla ya GPS. Siku ya kuzama mawingu yalifunga. Hakuna jua, hakuna kipimo. Alichofanya ni kuchukua vipimo vya kabla na vya baada, na kukisia kati yao barafu iliwapeleka wapi. Yaani nukta mbili na mstari katikati. Ni mshale uleule niliomweleza Mama Zuberi, umechorwa kwa penseli.

Tarehe 5 Machi 2022 meli ilikutwa kwenye kina cha mita 3,008, kama maili nne za baharini kusini ya alipoandika. Kwa mtu mwenye saa zilizokaa barafuni karibu mwaka na mawingu siku muhimu kuliko zote, mimi namvulia kofia.

Waliomtafuta walikwenda na S.A. Agulhas II, meli ya Afrika Kusini, kutoka Cape Town. Nao barafu haikuwaacha. Unateremsha chombo cha kutafuta mpaka sakafuni, na huku juu meli imo katikati ya barafu inayotembea. Ukiteremsha mahali pasipo, chombo kitamaliza muda wake na wewe umeshachukuliwa mbali. Kwa hiyo walikuwa na picha za rada za setilaiti na makisio ya barafu itakwenda wapi saa zijazo, na walichagua pa kuanzia kwa kuhesabu watakapofikishwa. Worsley angeielewa kazi hiyo bila kufafanuliwa.

Swali

Mzee, natafuta picha za rada za Ziwa Tanganyika kwa mradi wangu wa chuo. Napata moja kisha nasubiri mpaka siku 12. Huko Aktiki wanapata karibu kila siku. Ni upendeleo? Na mimi naweza kujaribu hicho kipimo cha barafu?
Mwanafunzi, Bujumbura

Jibu

Upendeleo kidogo upo, lakini lawama kubwa ni ya jiometri. Setilaiti hizi huzunguka zikipita karibu na ncha zote mbili, mzunguko mmoja kwa kama dakika 99. Baada ya siku 12 Sentinel-1 imekamilisha mizunguko 175 na kurudia ileile. Gawa mzingo wa dunia kwenye Ikweta, kilomita 40,075, kwa 175: njia zimeachana kilomita 229. Hapo kwenu, basi, inachukua siku zote hizo kuzijaza. Ukipanda kaskazini njia hizo 175 zinazidi kubanana mpaka zinapishana, na mahali pamoja panapigwa tena na tena. Ongeza kwamba juu ya nchi kavu kwa kawaida wanatumia ukanda wa kilomita 250, si 400. Ila usiwaonee gere sana: rada hizo hutazama upande mmoja, na katikati kabisa ya ncha kuna duara ambalo hazilifikii.

Kujaribu unaweza, na ni bure. Fungua kivinjari cha Copernicus, mpango wa Ulaya wenye setilaiti hizi, nenda mlango wa Fram, kama nyuzi 79 na nusu kaskazini na nyuzi 5 magharibi. Chagua Sentinel-1, ule ukanda mpana, na picha mbili zilizoachana siku moja. Usitafute barafu nyeupe tu, kila kitu ni cheupe. Tafuta pande lenye umbo la ajabu, lenye pembe iliyovunjika au mpasuko uliopinda. Weka alama, fungua picha ya pili, litafute kusini au kusini-magharibi. Kilomita 15 au 20 kwa siku si jambo la kushangaza hapo. Pima kwa kipimio cha kivinjari, usipime kwa rula kwenye kioo, maana ramani ile inavutwa sana kaskazini na itakudanganya. Soma saa halisi ya kila picha, kwa kuwa "siku moja" inaweza kuwa saa 23 au 25, na kasi yako itakosea kwa asilimia 4 kabla hujaanza. Chagua Februari au Machi. Julai utahangaika bure.